Akina Mama Katika Nchi za Kubuniwa

Ziko hadithi za namna moja ambazo sisi wa Kidato cha Nne tumekuwa tukizigombania katika maktaba. Ni hadithi za nchi za kubuniwa, nyingi zikiwekwa katika siku zijazo, ambamo serikali imejitwalia kila kitu cha mtu. Wasomaji wengi huzipenda kwa ajili ya polisi na mashine zilizomo. Mimi nataka kueleza habari ya uzazi, kwa maana naona ndipo serikali hizo zinapojulikana zilivyo.

Katika kitabu cha Aldous Huxley, Brave New World, kilichotolewa mwaka 1932, raia wa London hawazai. Watoto hukuzwa ndani ya chupa katika jumba kubwa, na yai moja huweza kutoa hata watoto 96 wanaofanana kama sarafu. Neno "mama" limekuwa tusi. Linda, aliyepotea huko New Mexico akazaa kama wazaavyo watu, arudipo London na mwanawe huchekwa na kuonewa kinyaa.

Bwenini tulilicheka tusi hilo, lakini mwenzetu mmoja akauliza: je, si afadhali chupa kuliko mwanamke kufa kwa uzazi? Swali hilo si la mzaha. Mama yangu mdogo alifariki siku aliyojifungua, na mtoto wake tunamlea nyumbani. Basi mimi siwezi kuusifu uchungu wa kuzaa. Lakini tazama, ndugu msomaji, sababu ya chupa zile. Hazikutengenezwa ili kuwaokoa akina mama. Zilitengenezwa ili kila mtoto atoke akiwa amekwisha kupangiwa daraja lake na kazi yake, asiwe na mtu wa kumpenda kupita serikali.

Margaret Atwood wa Kanada alishika njia nyingine katika The Handmaid's Tale, mwaka 1985. Katika nchi yake ya Gilead watoto ni haba, na uzazi husifiwa kwa sala na sherehe. Ungedhani mama huko ni malkia. Hasha! Mwanamke awezaye kuzaa hupelekwa katika nyumba ya mkubwa fulani, na akisha kujifungua, mtoto hupewa mke wa mkubwa huyo. Hata jina lake hunyang'anywa. Anayesimulia huitwa Offred, yaani "wa Fred" tu. Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Juma au Mama Neema. Kule huitwa kwa jina la mwenye nyumba, na akihamishwa nyumba jina nalo hubadilika.

Mambo kama hayo hayakutoka katika ndoto tupu. Huko Romania, mwaka 1966, serikali ya Nicolae Ceaușescu ilikataza kutoa mimba, isipokuwa kwa sababu chache, ili watu waongezeke. Wanawake wengi walikufa kwa kutoa mimba kwa siri, na amri hiyo haikufutwa mpaka Desemba 1989.

Basi mmoja ameandika nchi inayoutukana uzazi, mwingine nchi inayousifu, na katika zote mbili mama hana mtoto wa kubeba. Kabla yao Yevgeny Zamyatin, Mrusi, aliandika We, kitabu kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1924. Humo msichana O-90 amekatazwa kuzaa kwa kuwa kimo chake kimepungua kiasi cha sentimita 10 katika kipimo cha serikali. Alichukua mimba akijua adhabu yake ni kifo, kisha akatoroka nje ya ukuta. Wengine humwona mjinga. Mimi nampenda kuliko wote.

Katika The Children of Men cha P. D. James, cha mwaka 1992, hakuna mtoto aliyezaliwa duniani tangu 1995, na wanawake husukuma wanasesere katika vigari. Kisha Julian anashika mimba. Anajificha porini, kwani Xan, mtawala wa Uingereza, angemtaka yeye pamoja na mtoto. Alijifungua mtoto wa kiume katika kibanda cha kuni. Theo, aliyemlinda, alimpiga Xan risasi akafa. Kisha akaivua pete ya utawala katika kidole cha maiti, akaivaa yeye.