Je, Wajua? Zinki Huchemka Kabla Shaba Haijayeyuka

Brasi ya alumini, inayotumika katika mabomba ya maji ya bahari melini, huwa na takriban asilimia 76 ya shaba, 22 ya zinki na 2 ya alumini. Alumini hiyo kidogo hujenga utando mgumu unaolikinga bomba dhidi ya maji ya chumvi. Aseniki, isiyofika hata asilimia 0.1, huzuia zinki isiliwe.

Kibarua huanza wakati wa kuchomelea. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali shaba huyeyuka kwenye 1,085. Moto ukizidi, zinki hutoka kama moshi mweupe na kiungo hubaki na vitundu.

Ndiyo maana mafundi wanaochomelea kwa njia ya TIG huchagua waya wa kujazia wa shaba na alumini usio na zinki, wakikinga kiungo kwa gesi ya agoni. Mkondo geu wa umeme huwasaidia kuvunja utando wa oksidi unaojengwa na alumini.

Kuvuta moshi wa zinki huleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Fundi, washa feni ya kuvuta moshi na uvae barakoa yenye kichujio kabla ya kuwasha mashine.