MVUA ISIINGIE KWENYE INJINI YA LORI



Lori la dizeli ni msaada mkubwa kijijini. Linabeba pamba, mahindi na saruji. Siku nyingine linabeba hata wagonjwa. Lakini kikombe kimoja tu cha maji kikiingia ndani ya silinda, lori hilo laweza kuharibika vibaya.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Lori la kikundi chetu lilikuwa linavuta vumbi jingi. Fundi akaweka bomba refu la kuvuta hewa, likapanda kando ya kichwa cha lori mpaka juu ya paa. Huko juu vumbi ni kidogo. Kazi ilikuwa nzuri, ila mdomo wa bomba ulitazama juu. Usiku mmoja mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Maji yakashuka kwenye bomba, yakajaa kwenye chombo cha chujio la hewa. Asubuhi dereva akapiga stata. Tukasikia "gwa!" Injini ikagoma. Konrodi, yaani mkono wa pistoni, ilikuwa imepinda. Pamba yetu ikalala ghalani huku tukichanga fedha za matengenezo.

Kwa nini maji yapinde chuma?

Chukua bomba la kujazia baiskeli upepo. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Hewa inabanwa, mkono unashuka, na bomba linapata joto. Injini ya dizeli inafanya hivyo hivyo. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa moto sana. Dizeli ikinyunyizwa humo, inawaka yenyewe. Sasa fikiri bomba lile limejaa maji. Utasukuma wee, wapi! Maji hayabanwi. Pistoni ikikutana na maji ni kama imekutana na jiwe.

Basi tufanye hivi:

1. Mdomo wa bomba utazame chini au nyuma. Ukitazama juu, uvikwe kofia ya bati iliyo pana kuliko bomba. Kofia isikabe pumzi ya injini. Bomba likiwa na upana wa sentimeta 10, tuache nafasi ya sentimeta 5 kati ya mdomo na kofia.

2. Viungo vyote vya bomba vikazwe. Mpira wenye ufa ubadilishwe.

3. Chini ya chombo cha chujio huwa kuna kiraba cha kutolea maji na vumbi. Chetu kilikuwa kimezibwa na matope. Tukibinye kila wiki, na kila baada ya mvua.

4. Chujio la karatasi likilowa, hewa inapita kwa shida. Tuweke jingine kavu.

5. Lori likilala nje, mdomo ufunikwe kwa kopo. Tufunge kitambaa chekundu kwenye usukani, ili dereva akumbuke kuliondoa kopo kabla ya kuwasha.

Je, kama maji yamekwisha kuingia? USIPIGE STATA! Wala msilisukume lori ili liwake. Mwiteni fundi. Atafungua nozeli zote kwanza, ndipo azungushe injini ili maji yatoke. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imwagwe na kuwekwa mpya.

Madereva, utingo na wanakamati, tukague mabomba yetu kabla ya masika. Kofia ni kipande cha bati tu. Injini ni jasho la kijiji kizima.