Mwanzo wa Sinema ya Kutisha: Nani Aogopwe?

Tangu zamani watu wa kila kabila wamependa kusikia habari za kutisha, mradi wenyewe wameketi mahali pa salama. Bibi akisimulia habari za zimwi wakati wa jioni, watoto husogeleana karibu na moto; naye akinyamaza, wao wenyewe humwomba aendelee. Hofu ya namna hiyo ina utamu wake, tena ina faida yake, kwa kuwa mtoto hujifunza kwamba mto si wa kuchezewa na msitu si wa kuingiwa ovyo. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo ya bibi imetwaliwa na sinema. Basi, wasomaji wapenzi, twataka kueleza jinsi hofu inavyotengenezwa katika sinema, na kwa nini sisi tunaokaa Kisangani yatupasa kuitengeneza kwa uangalifu mkubwa.

KAMERA MJINI KWETU

Mji wetu umezoeana na kamera tangu zamani. Mwaka 1951 Mmarekani John Huston alifika na wapiga picha wake kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, ambao zamani zile uliitwa Ponthierville, akapiga huko sehemu ya sinema yake The African Queen. Mwaka 1958, Kisangani ilipokuwa bado Stanleyville, Fred Zinnemann alipiga hapa sehemu ya The Nun's Story, habari ya sista muuguzi, iliyotolewa mwaka uliofuata. Nyakati hizo kamera ilikuwa mali ya wageni, na wageni ndio waliochagua la kuonyesha.

Mambo yamegeuka. Dieudo Hamadi, aliyezaliwa papa hapa Kisangani mwaka 1984 na kusomea udaktari kabla ya kushika kamera, amewaonyesha walimwengu maisha ya mji huu. Katika Examen d'État, sinema yake ya mwaka 2014, twawaona vijana wa Kisangani wakihangaika na mtihani wa serikali. Tena leo hata mwanafunzi asiye na fedha, akiwa na simu ya mkononi, aweza kupiga picha na kuziunganisha kuwa habari.

DAKIKA MBILI TU

Miongoni mwa wanafunzi tunaowafundisha, vijana watano waliungana kutengeneza mwanzo wa sinema ya kutisha. Hawakukusudia sinema nzima, maana hiyo yataka fedha, wachezaji wengi na majuma mengi ya kazi. Walitaka dakika mbili za kwanza tu. Mmoja wao aliandika mawazo yake katika daftari siku kwa siku, naye ameturuhusu kuyatumia ili wengine wapate faida.

Aliona kwanza kwamba dakika hizo mbili zina mzigo mzito. Mtazamaji aketipo hajui lolote. Kabla dakika ya pili haijaisha, yampasa ajue yuko mahali gani, anamfuata nani, na ni kitu gani anachopaswa kukiogopa.

Jambo la pili aliloandika ni kwamba kisichoonekana hutisha kuliko kinachoonekana. Vijana walikuwa wametengeneza uso wa zimwi kwa karatasi ngumu, wakamvika mwenzao; walipoitazama picha, wote walicheka. Hapo tuliwaeleza habari ya Cat People, sinema ya Marekani ya mwaka 1942 iliyoongozwa na Jacques Tourneur kwa fedha chache. Mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya ukuta. Twasikia vishindo vya viatu vyake, na nyuma yake vishindo vya mtu mwingine. Ghafula vile vya nyuma vyanyamaza. Mwanamke aongeza mwendo, ageuka, haoni mtu. Kisha sauti kali kama ya mnyama yapasua ukimya: kumbe ni basi linalosimama! Hapo hakuonyeshwa mnyama wala tone la damu, lakini mpaka leo waongozaji wa sinema huiga ujanja huo.

Basi vijana wakatupa zimwi lao, wakaanza kutafuta sauti. Katika jambo hilo Kisangani ni tajiri. Kuna ngurumo ya maporomoko ya Wagenia, isiyokoma mchana wala usiku. Kuna mvua juu ya mabati, na kasia ligongalo ubavu wa mtumbwi. Kuna vyura, ambao hunyamaza mtu akikaribia. Mwandishi wa daftari asema kwamba vyura waliponyamaza, hata yeye aliyeshika simu alitazama nyuma.

Walijifunza na mengine ya kazi. Simu huona vibaya gizani, picha ikajaa chengachenga. Kwa hiyo walipiga picha zao jua likiisha kuzama, mbingu zingali na mwanga kidogo, wakaweka taa moja tu mbele. Sauti waliichukua kwa simu ya pili, iliyowekwa karibu na kitu chenyewe na kufunikwa kitambaa ili upepo usiingie. Simu ya picha waliiegemeza kwenye gogo isitikisike. Na kila picha waliiacha ikae kidogo zaidi ya vile mtazamaji angependa, maana hofu hukua mtu anapongoja.

SWALI LA MAMA MMOJA

Lakini kabla ya kufika hapo walikuwa na shauri jingine. Mwanamume arudi nyumbani usiku. Afungua mlango. Ndani amesimama mtoto mwembamba, uso umepakwa unga, amtazama bila kupepesa. Kisha giza, na jina la sinema. Kwa upande wa ufundi shauri hilo halikuwa baya. Walimtaka mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 8, yatima anayelelewa na mjomba wake, kwa sababu alikuwa mwembamba na macho yake makubwa.

Wakaenda kumwomba ruhusa mke wa mjomba. Mama yule aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza: «Wanangu, picha hiyo ikiisha kuingia katika simu za mtaa, mtamfuata kila mtu nyumbani kwake kumwambia kwamba ulikuwa mchezo?» Vijana hawakuwa na jibu.

Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa maana ya swali hilo. Kwa miaka mingi katika nchi yetu watoto wamesingiziwa kuwa ndoki. Ugonjwa ukiingia nyumbani, au kazi ikipotea, au mtu akifa, watu humtafuta wa kulaumiwa; na mara nyingi humwona aliye dhaifu kuliko wote: yatima, mlemavu, mwenye kifafa, au mtoto mkaidi tu. Wengine hupigwa, hunyimwa chakula, hufukuzwa wakalale barabarani. Hamadi aliyaonyesha hayo katika sinema yake Maman Colonelle ya mwaka 2017. Humo twamfuata Kanali Honorine Munyole, afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani, ambaye kazi yake ni kuwalinda watoto na kupigana na ukatili wanaotendewa wanawake. Baadhi ya anaowasaidia ni watoto walioteswa kwa kusingiziwa uchawi. Mwaka huohuo, huko Berlin, sinema hiyo ilipewa tuzo na baraza la waamuzi Wakatoliki na Waprotestanti.

Sheria nayo imesema wazi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2006 chakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, yamwekea mwenye kosa hilo kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000. Vijana wetu, bila shaka, hawakumshtaki mtu. Walitaka kucheza tu. Lakini sharti tufikiri jinsi picha inavyosafiri.

MWANZO USIO NA MWISHO

Katika sinema ndefu, mtoto aliyeogopwa mwanzoni aweza kuonekana mwishoni kuwa hana hatia. Mtazamaji huondoka akijilaumu kwa kumdhania vibaya, na hilo laweza kuwa fundisho zuri. Mwanzo wa dakika mbili hauna nafasi hiyo. Wamwonyesha mtoto, wamwambia mtazamaji: «Mwogope huyu!» kisha waisha. Mashtaka yamesomwa, na utetezi haupo. Halafu hizo dakika mbili zapita kutoka simu hata simu, bila jina la shule wala maelezo ya mwalimu, mpaka zimfikie jirani aliyefiwa juzi na anayetafuta wa kumlaumu.

Msomaji aweza kusema kwamba twatia chumvi, kwamba picha ni picha tu. Tuangalie basi yaliyotokea kwingine. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa sinema iitwayo Jaws, juu ya papa, yule samaki mkali wa baharini. Mwanzo wake wasifiwa mpaka leo: msichana aogelea usiku, kitu chamvuta kutoka chini, na papa mwenyewe haonekani kabisa. Papa wa mashine waliyemtengeneza aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, na hivyo mwongozaji akalazimika kumficha katika sehemu nyingi za sinema. Hofu ikaongezeka. Lakini baada ya sinema hiyo watu wengi waliwachukia papa, wakaenda kuwaua kwa mchezo. Peter Benchley, aliyeandika kitabu kilicholeta sinema hiyo, alitumia miaka mingi ya maisha yake, mpaka kufa kwake mwaka 2006, akiwatetea samaki haohao.

Nako Nigeria, mwaka 1999 ilitolewa sinema iitwayo End of the Wicked, iliyowaonyesha watoto wakishiriki mambo ya wachawi usiku. Watetezi wa haki za watoto waliishutumu kwamba ilichochea mateso ya watoto wenye kusingiziwa uchawi katika nchi hiyo. Samaki alipata mtetezi baada ya miaka. Je, mtoto wa mtaani kwetu aweza kungoja miaka?

HOFU ILIYOKWISHA KUWAKO

Vijana walikuwa na wazo la pili: mlipuko mkubwa katikati ya ukimya, ili mtazamaji aruke kitini. Hili nalo walilijadili. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku 6. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yataja raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, na zaidi ya 1,000 waliojeruhiwa. Sinema ya Hamadi ya mwaka 2020, iitwayo kwa Kifaransa En route pour le milliard, yawafuata walionusurika, wengine wamekatwa miguu, wakisafiri kwa mashua mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mtu wa namna hiyo akisikia mlipuko katika simu ya mjukuu wake, hafurahi kutishwa, akumbuka. Vijana wakauondoa mlipuko.

WALICHOTENGENEZA

Mwishowe walichagua toleka, yaani baisikeli ya abiria, ambayo kila mtu wa Kisangani aijua. Mwendeshaji ampakia abiria njiani, jua likiisha kuzama. Hatumwoni abiria ila ukingo wa kanzu yake. Twasikia mnyororo wa baisikeli, pumzi za mwendeshaji, na vyura. Mwendeshaji auliza swali, hajibiwi. Vyura wanyamaza. Baisikeli yawa nyepesi. Mwendeshaji asimama, ageuka: kiti cha nyuma ni kitupu. Apumua, apanda tena, akanyaga. Na baisikeli ni nzito.

Hapo yaisha. Darasa zima lilipiga kelele, halafu likaomba kuitazama tena. Na aliyeogopwa? Hakuna mtu wa mtaani anayefanana naye: si yatima, si bibi kizee mwenye macho mekundu, si mgeni wa kabila fulani. Hofu ilibaki ndani ya sinema.

Kwa vijana wengine wenye hamu ya kazi hii, twatoa mashauri matatu kutoka daftari lile. Kwanza, kabla ya kuuliza «tutatishaje?» ulizeni «nani ataogopwa, naye anakaa wapi?» Pili, itazameni picha yenu kana kwamba mmeipokea katika simu bila maelezo yoyote, kwa kuwa ndivyo wengi watakavyoipokea. Tatu, waulizeni wazazi wa mtaa kabla ya kupiga, wala si baada.

Nanyi wazazi, msiwakataze watoto wenu kamera. Lakini picha yenye kumtia mtoto hatiani ikifika katika simu yenu, na ikomee hapo.

Yule mtoto wa miaka 8 hakuachwa nje ya kazi. Mama yake mlezi alimruhusu kwenda pamoja na vijana, nao wakampa kazi ya kushika taa nyuma ya kamera. Aliishika vema, mkono haukutetemeka, na jina lake limeandikwa mwishoni pamoja na ya wenzake.