Madini ya Kipushi na mabawa yanayotikisika angani

Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, unajulikana kwa zinki na shaba. Lakini mawe yake yana kitu kingine kisichosemwa sana: jerimaniamu.

Oktoba 2024, STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilitangaza kupeleka makinikia yake ya kwanza ya jerimaniamu kwa Umicore ya Ubelgiji. Yalitoka katika mlima wa mabaki ya kiwanda cha kuyeyushia cha Lubumbashi. Umicore hutengeneza visahani vyembamba vya jerimaniamu, na juu yake hujengwa seli za jua za setilaiti.

Chombo kikubwa cha angani huhitaji umeme mwingi, hivyo mabawa yake ya seli huwa marefu. Na kwa kuwa kila kilo inayorushwa ni gharama, mabawa hayo hutengenezwa mepesi. Wepesi huo ndio unaoleta shida.

Aliyewahi kubeba bati refu kichwani anaijua. Ukigeuka ghafla, ncha zinachelewa, kisha zinarudi na kukuyumbisha. Ukilituliza kwa nguvu wakati usiofaa, linacheza zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990. Kila ilipoingia au kutoka kwenye kivuli cha dunia, joto lilibadilika, mabawa yakapinda na darubini ikatikisika. Wahandisi walibadilisha kwanza programu ya kuiongoza. Desemba 1993, wanaanga walikwenda kuifungia mabawa mapya.

Kwa desturi, mhandisi wa umbo alimaliza kazi yake, ndipo akamkabidhi mwenzake wa mitambo ya uongozi. Njia bora ni kufanya hesabu moja: unene wa nguzo na nguvu ya mtambo wa kutuliza vitafutwe pamoja. Ukipunguza kilo kwenye nguzo, uone papo hapo mtambo utahangaika kiasi gani. Ukiongeza nguvu ya mtambo, uone kama utaamsha mtikisiko mpya. Mara nyingine kilo chache zikiwekwa mahali pake huokoa nishati nyingi.

Kwa Haut-Katanga, jambo hili si la mbali. Jerimaniamu yetu inaondoka ikiwa makinikia, na thamani kubwa inaongezwa kwingine, kwa ujuzi. Hesabu hii haihitaji kuchimba shimo. Inahitaji kompyuta, hisabati na walimu, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi tayari kina kitivo cha uhandisi.