Bomba moja, vijana watatu

Ninaishi Buyenzi, mtaa ambao mgeni anayetoka Kigoma hapati shida ya lugha. Siku hizi hapa Bujumbura jina linalotajwa kwa kunong'ona ni "boost", unga wa jamii ya heroini. Wapo wanaouvuta, na wapo wanaojidunga mshipani. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Kabla ya kusukuma unga, anayejidunga huvuta damu kidogo ndani ya bomba ili ahakikishe ameupata mshipa. Damu hiyo hubaki, na anayepokea bomba hujidunga nayo. Kulisuuza kwa maji hakutoshi. Virusi vya ukimwi hupita hapo, na homa ya ini aina ya C hupita kwa urahisi zaidi. Dar es Salaam mambo yalifika pabaya kuliko hapo: mwaka 2005 watafiti waliandika habari za wanawake waliompa mwenzao asiye na fedha bomba lenye damu ya aliyekwisha kujidunga, ati naye apate nafuu ya arosto.

Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Anayeinywa hana sababu ya kuazima bomba la mtu.

Sasa nawageukia ninyi mnaorejea nyumbani, nanyi mnaovuka Kobero au Manyovu kwa biashara. Methadoni hunywewa kila siku, mara nyingi mbele ya muuguzi. Kijana akipanda basi bila kupanga, siku mbili hazipiti arosto imemkamata, na bomba lolote atakaloliona litamfaa. Tena mwili uliopumzika hauhimili kipimo cha zamani. Wapo waliokufa kwa kujidunga kama walivyozoea. Mwenye mwana kliniki azungumze na daktari kabla ya safari, si baada ya kuvuka mpaka.

Nimeona majirani wakiwafukuza vijana wao kwa aibu. Sijui aibu hiyo imemponya nani, maana aliyefukuzwa huhamia kijiweni, na huko bomba ni moja kwa watatu.

Wanaotaka kupima wanaijua ANSS, chama kilichoanzishwa mwaka 1993, na kituo chake cha Turiho. Aliyechangia sindano jana asingoje hata kesho. Aende kituo cha afya aulizie dawa za kinga: huanzwa ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28.