Kinara wa Moyo Yuko Kwenye Mnada wa Ufuta

Katika mimea ya Nachingwea na Ruangwa inayotajwa kulinda moyo, namba moja naupa ufuta. Kila msimu mkulima anaupeleka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unaingia ghalani, kisha unauzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI. Shehena kubwa ya ufuta wa Tanzania huishia China, ambako waganga wa jadi wameuhesabu kuwa dawa kwa karne nyingi, hasa ule mweusi. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna sesamini, kiini kinachosaidia mishipa ya damu kulegea. Japani, watu wenye presha ya kupanda kidogo walipewa miligramu 60 za sesamini kwa siku kwa wiki nne. Namba ya juu ya presha ikashuka kwa wastani wa pointi tatu na nusu. Si haba, ila mgonjwa asiache vidonge vyake kwa ajili hiyo. Mbegu za kituo cha utafiti cha Naliendele, kama Ziada 94 na Lindi 02, tunazisifu kwa mavuno. Natamani siku moja gunia lipangiwe bei kwa sesamini yake pia.

Kwa ukali, bingwa ni strofanthasi, mmea wa kupanda miti ambao wawindaji wa ukanda huu hadi Zambezi walipaka sumu ya mbegu zake kwenye mishale. John Kirk, aliyekuja baadaye kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa daktari wa msafara wa Livingstone sumu hiyo ilipogusa mswaki wake, naye akaona mapigo ya moyo wake yanapungua. Thomas Fraser wa Edinburgh akatoa humo strofanthini, dawa ya moyo ulioshindwa kusukuma damu. Dozi inayotibu na inayoua zimekaribiana mno. Asithubutu mtu kuuchemsha mmea huu nyumbani.

Rekodi ya hasara inashikwa na Mradi wa Karanga wa 1947 hadi 1951, uliomeza zaidi ya pauni milioni 35 za Waingereza, Nachingwea ikiwa moja ya vituo vyake vitatu. Kwa upande wa moyo, karanga ina resveratroli, kiini kinachotajwa kuulinda, lakini kidogo sana. Wachina huipata kwa wingi kwenye mizizi ya mmea wanaouita huzhang.

Na mbaazi? Kusini mwa China majani yake ni dawa, na viini vyake vimeshusha kolesteroli kwa panya wa maabara. Ruangwa tunavuna punje, majani tunayaacha shambani. Watafiti wetu wangeanza na hayo.