HUZUNI HAIONEKANI KATIKA DAMU

Mama mpendwa, umechoka, usingizi hauji, chakula hakina ladha, hata kubeba mutoto hakukupe furaha. Unafika ku klinike. Wanakutoboa kidole, labo inatafuta malaria na upungufu wa damu. Jibu: hakuna kitu. Unarudi nyumbani ukiwaza: «Kumbe niko muvivu tu.» Hapana, mama. Kuna ugonjwa wa huzuni, unaitwa depresio, na labo haiuone.

Kwa nini? Hatuwezi kukata kipande cha ubongo wa mutu muzima ili tukipime. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1970, watafiti walijaribu kupima damu. Katika damu muko chembe ndogo sana zinazosaidia kidonda kisitoke damu. Ziko na milango midogo inayoitwa vipokezi, na milango ya namna hiyo iko pia katika ubongo. Walitumaini kwamba wakihesabu milango ya damu, watajua mambo ya ubongo.

Lakini walikuta shida:
1. Damu siyo ubongo. Mambo ya jikoni hayaonekani yote ku mulango wa mbele.
2. Chembe hizo zinaishi karibu siku 10 tu, lakini huzuni inaweza kukaa miezi.
3. Dawa, umri na mimba vinaweza kubadilisha hesabu.
4. Hesabu za wagonjwa na za wazima zinachanganyikana. Watafiti wengine waliona tofauti, wengine hawakuiona.

Basi, hata leo, hakuna kipimo cha damu cha kusema: «Huyu mama ana depresio.»

Kipimo chetu ni mudomo wako na masikio yetu. Tangu 1987 kuko maulizo 10 ya kupima huzuni ya mama aliyezaa. Hayaombe sindano, yanaomba ukweli tu. Hapa Beni na Butembo tumezika wengi, kwa vita na kwa Ebola ya 2018-2020. Usione haya kusema.

Kama huzuni inapita majuma mawili, uje. Kama unawaza kufa, ao kuumiza mutoto, uje leo leo, usibaki peke yako. Nabii Elia naye aliomba kufa. Mungu hakumugombeza: alimupa usingizi, chakula na maji. Sisi pia hatutakugombeza.